Oktoba, Maji Yakitoka

Oktoba ndio mwezi bora wa kutembea ufuoni Mombasa. Nimesema, na sitaki mjadala. Wale mnaoshuka na SGR Desemba nawapenda, mnatuletea biashara, lakini Desemba jua linachoma hadi utosini, vyumba vimepanda bei, na pale Pirates mchanga hauonekani kwa wingi wa miguu. Aprili na Mei ni masika, mvua inanyesha kama imetumwa. Juni hadi Agosti kusi imeshika: bahari imechafuka, mwani umerundikana ufuoni unanuka, na ukirekodi video utakachosikia ni upepo tu, maneno yako yote yashaenda Lamu.

Halafu inakuja Oktoba. Kusi imechoka, kaskazi haijafika. Kipindi hiki cha katikati wavuvi wanakiita matlai, na kama hujawahi kulisikia hilo neno usijali, hata mimi nilifundishwa na mzee mmoja wa ngalawa niliyekuwa nikimsumbua na maswali. Upepo ni mwepesi, maji yametulia, joto halijaanza kututesa. Mvua za vuli zinaweza kukushtua, ndio, lakini ni mvua ya kuja na kuondoka. Unasimama chini ya mti dakika kumi, unaendelea.

Na hapa kwenye vuli kuna jambo hunichekesha. Ukitazama filamu za ng'ambo zenye maandishi ya Kiswahili, ule msimu wao wa skafu na majani ya rangi ya chungwa unaitwa vuli. Sisi kwetu vuli ni mvua! Hakuna cha skafu. Lakini mimi husema ule msimu wao unafika huku pia, ila unafika kwa mabawa. Kuanzia Septemba na Oktoba, ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia huanza kutua pwani yetu. Kuna wale wadogo weupe-weupe wenye miguu ya haraka: wimbi likirudi wanalifukuza, wimbi likija wanakimbia, siku nzima hivyo hivyo, utadhani wanacheza bano na bahari. Wametoka maelfu ya kilomita kuja kuchokora mchanga wa Bamburi. Na majani mekundu tunayo, ni ya mkungu. Mti ule uliokula kungu zake ukiwa mdogo ukizipasua kwa jiwe? Jani lake hugeuka jekundu kabisa kabla ya kuanguka. Ukiliona limelala kwenye mchanga mweupe asubuhi, utaacha kuwaonea wivu watu wa skafu.

Sasa, matembezi yenyewe. Naanzia Nyali naishia Bamburi, kwa kufuata ufuo, mchanga mguuni. Kwa mwendo wa kuzembea, wa kusimama na kuokota na kupiga picha, ni kama saa mbili. Naenda kuelekea kaskazini kwa makusudi, kwa sababu kale kaupepo ka kusi kaliobaki kanakusukuma mgongoni badala ya kukupiga usoni.

Lakini huwezi kuamka tu ukaenda. Bahari ina ratiba yake na haiangalii ya kwako. Hujaa mara mbili kwa siku na kupwa mara mbili, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndio bamvua: maji hujaa sana na hutoka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari inajivuta kidogo tu. Ukitaka njia hii, nenda siku za bamvua. Na kuna siri ambayo wenyeji wanaijua bila kuiwaza: hapa kwetu siku za bamvua maji hutoka kabisa kama saa 4 asubuhi. Zile siku ambazo maji hutoka jioni, saa 10 hivi, huwa ni maji mafu. Kwa hivyo ile ndoto yako ya kutembea mbali baharini huku jua likizama, sahau. Na hata hivyo jua halizami baharini Mombasa, bana. Bahari yetu iko mashariki. Ukiona mtu ameposti jua liko juu ya maji ameandika "jioni njema kutoka Nyali", huyo ama ameamka saa 12 alfajiri ama anakudanganya.

Hutahitaji programu yoyote ya simu kujua bamvua. Tazama kalenda ya Kiislamu ukutani, kila duka mtaani lina moja. Mwezi mosi na mwezi 15, na siku mbili tatu zinazofuata. Basi.

Nikifika Nyali kama saa 2 na nusu, maji bado yanatoka. Mwanzoni kuna majabali ya matumbawe, meusi na makali, na juu yake majumba ya watu wenye nazo. Maji yakiwa yamejaa hupiti hapo. Yakitoka, unapita chini ya majumba hayo kwenye mchanga mgumu uliolowa, na juu yako unasikia mashine ya kukata nyasi na mbwa anayebweka kwa Kizungu. Vaa ndala zenye mshipi nyuma au raba nzee. Kuna vile vidude vyeusi vya mviringo vyenye miiba mirefu vinavyojificha kwenye mashimo ya mwamba, na ukikanyaga kimoja matembezi yako yameisha. Vidimbwi vinavyobaki nyuma ni sinema ya bure: viti vya pweza, kaa wanaojifanya mawe, jongoo bahari amelala kama soksi iliyosahauliwa. Tazama, piga picha, acha hapo hapo. Maji ya mbele yetu yana hifadhi ya bahari tangu 1986, na si ruhusa kubeba kauri eti ni zawadi ya dada. Dada mletee kachri.

Mbali kule kwenye mwamba mawimbi yanapopasukia, unaona mstari mweupe na watu wadogo kama sisimizi wanatembea juu ya maji. Wanasaka pweza.

Wasichana wenzangu mtaniuliza, na ni haki yenu: wewe hupata amani? Jibu langu ni nusu kwa nusu. Siendi peke yangu na siendi magharibi, na hapo sisemi mashetani, ingawa mamangu husema. Asubuhi kuna watu wa kutosha. Vijana wa bichi watakuita, "Sister, boti! Sister, ngamia!" Ukijibu kwa Kiswahili cha Kisauni wanacheka wanakuachia njia. Wengi wao ni watu wa kazi, na wamenichunga kuliko watu fulani wa tai niliokutana nao ofisini.

Ninaowajadili mimi si wao. Ni kamba.

Mimi ni mtoto wa Mtopanga. Kutoka kwetu hadi baharini ni nusu saa kwa miguu: unavuka barabara ya Malindi, unapita kati ya kuta. Nusu saa! Na bado niliosoma nao, wengi wao, bahari wanayoijua ni ile ya Pirates siku ya Idi na Krismasi. Ukiwaambia watembee mbele ya hoteli wanakwambia, "Kule si kwetu." Hawajasoma popote kwamba si kwao. Wamejifunza kwa macho. Kuna kamba, kuna soja, kuna kibao, na kuna yule soja anayepiga filimbi hata kabla hujafika kwenye kamba.

Haya, Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaorodhesha ardhi ya umma. Ndani ya orodha hiyo mna ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Yote. Haijasema isipokuwa mbele ya hoteli ya nyota tano. Mchanga mkavu wa juu, wenye viti na miavuli, unaweza kuwa na mwenyewe. Ule uliolowa ni wako na wangu, ni wa mtalii na wa muuza mabuyu. Mimi huwaza kwamba sisi Wakenya tuna mali ya ajabu kweli, inazama mara mbili kila siku na kuibuka tena. Na kuna kuta zimejengwa karibu sana na maji hivi kwamba bahari ikijaa inazipiga, na hapo haki yako iko pale pale kwenye Katiba ila huwezi kuikanyaga mpaka maji yatoke. Ndio maana nikakupigia kelele zote zile za mwezi 15.

Sisemi hoteli ni adui. Mgeni amelipa, anataka kulala kwenye kiti bila kuuziwa kinyago mara ishirini, na wizi pia upo. Weka kamba yako juu, kwenye chako. Kamba ikishuka mpaka kwenye mchanga uliolowa, hapo tunaanza kuongea lugha nyingine.

Mwaka jana nilienda na mamangu.

Mamangu alifanya kazi kwenye hoteli moja ya ufuo huu miaka 14. Vyumba. Kutandika, kufagia, kubadilisha taulo, kukunja ile karatasi ya chooni iwe na ncha. Wafanyakazi walikuwa na lango lao nyuma, upande wa barabara, na amri ilikuwa kwamba mtu wa vyumba haonekani ufuoni, hata zamu ikiisha. Unavua yunifomu, unaonyesha mkoba ukaguliwe, unapanda matatu. Ikaja 2020, corona, wageni wakakatika, wafanyakazi wakaambiwa nendeni nyumbani tutawaita. Mpaka leo simu hiyo haijalia. Sasa anauza vitafunio asubuhi mlangoni petu, mahamri na mbaazi, na mbaazi zake, wallahi, ndizo zilizonilipia mwaka wa kwanza chuoni.

Kumtoa nyumbani haikuwa rahisi. "Wanipeleka wapi?" Baharini, ma. "Kuna nini?" Hakuna kitu, tutatembea. Akaniangalia kama ninayeumwa. Kwa watu wa rika lake kutembea ni kwenda mahali. Mwishowe akafunga leso juu ya dera, akachukua chupa ya maji na mfuko wa plastiki mtupu (mama wa Kiafrika hatoki bila mfuko mtupu, hujui utarudi na nini), tukapanda tuktuk.

Nusu saa ya kwanza alitembea kama anayechelewa, mbele yangu, bila kuangalia kulia wala kushoto. Kwenye majabali nikamshika mkono. Tulipotoka upande wa pili, ufuo ukafunguka wote, mweupe, hakuna mtu, maji yametoka mbali yamebaki buluu hafifu. Akasimama. Wale ndege wadogo wakapita mbio mbele yake. Akavua ndala akazitia kwenye ule mfuko. Kumbe mfuko ulikuwa na kazi.

Tulipokaribia ile hoteli nilijua kwa sababu alinyamaza. Kamba ilikuwa imeshuka, imefungwa kwenye kigingi kilichosimama kwenye mchanga wenye unyevu kabisa, mwani umekizunguka. Soja akapiga filimbi. "Hapo hapapitwi! Zungukeni!" Kuzunguka wapi, kupitia barabara ya Malindi? Nikaanza kutafuta kifungu cha 62 kwenye simu, mimi ndio mwanaharakati, nikapandisha sauti. Soja akasogea, akamtazama mamangu, akashusha filimbi.

"Dada! Ni wewe?"

Walijuana. Zamu za usiku, chai ya jikoni, mambo yao. Wakasalimiana, habari za watoto, nani amefariki, nani ameenda Qatar. Halafu yule soja akasema kwa sauti ya chini, kwa wema kabisa, "Basi piteni haraka. Meneja leo hayuko."

Mamangu akamwambia, "Asante, ndugu yangu. Lakini sipiti kwa sababu meneja hayuko. Napita kwa sababu maji yametoka."

Akainua kamba kwa mkono mmoja, ule mkono wa kuinua magodoro, akapita. Soja akacheka, akatazama juu hotelini, akacheka tena. Mimi nikapita nyuma yake na simu yangu mkononi na Katiba yangu ambayo haikuwa imefunguka, kwa sababu data ilikuwa imeisha.

Mbele kidogo akageuka akatazama jengo. Akaanza kuhesabu madirisha kwa kidole. Ghorofa ya pili yote ilikuwa yake, akasema, na nusu ya ya tatu. Vyumba vinavyoangalia bahari huchelewa kusafishwa kwa sababu mchanga unaingia mpaka kwenye mashuka. Akaniambia kwamba alikuwa na dakika zake za kufuta kioo cha mlango wa roshani, na hapo ndipo alipokuwa akiiona bahari. Kwa kupitia kioo, na tambara mkononi. "Nilikuwa nikiwaona watu wapita huku chini, nawaza, hawa hawana kazi?" Akacheka peke yake. Halafu akaingia majini na leso yake mpaka magotini, akakaa hapo kimya muda mrefu, mgongo wake kwa hoteli. Nilikuwa na kamera mkononi na sikurekodi. Hamtaiona hiyo video, haipo.

Tulifika Pirates karibu saa 5, bahari ishaanza kurudi. Hapo jina la kwenye kibao ni Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, lakini ukimwambia dereva wa matatu hilo jina lote atakuuliza kama wewe ni wa serikali. Mabomba ya matairi ya kuogelea yashapangwa, ngamia amepiga magoti, watoto wa madrasa wamekuja na ustadhi wao, mwenye mihogo anapuliza mkaa. Tulinunua ya kuchoma, ya pilipili na ndimu, na dafu moja la kugawana. Ghali si ghali. Mamangu akamlaumu muuzaji kwamba pilipili yake ni ya unga tu, yeye angesaga mbichi. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

Nilimwambia tungeweza kutokea mapema zaidi, vichochoro vya kutoka ufuoni hadi barabarani vipo, vingine vimechorwa kwenye ramani tangu zamani. Akaniuliza viko wapi. Na hapo ndipo shida ilipo kwa kweli, kuliko hata kamba. Kamba unaiinua. Kichochoro kikitiwa geti la chuma, au kikigeuzwa maegesho, au kikamezwa na ukuta taratibu, mita kwa mita, huna cha kuinua. Ufuo unabaki wa umma kama mbuga isiyo na lango. Nimeanza kuvipiga picha vile vilivyo wazi kati ya Nyali na Shanzu, kimoja kimoja, upande wa barabara na upande wa bahari, na duka au mti ulio karibu ili mtu akipate. Mpaka sasa nina picha za vichache kuliko vidole vyangu. Ukijua kimoja mtaani kwenu, nitumie, niambie kama baiskeli inapita na kama kuna mtu anayekuuliza unakwenda wapi. Nitakiweka.

Na ukienda, toka mapema. Saa 4 maji yakiwa yametoka kabisa uwe ushapita majabali, kwa sababu yakianza kurudi hayabishi hodi, yanajaza nyuma yako kwanza. Beba maji ya kunywa, paka mafuta ya nazi mguuni, simu itie kwenye mfuko usioingia maji. Mtoto mdogo mfunge kamba ya maneno asiende kwenye mwamba peke yake.

Mwezi 15 uko wiki ijayo. Juzi nikiwa nasuuza sufuria za mbaazi, mamangu alichungulia kalenda ya ukutani, akaniuliza kama raba zangu za zamani zinaweza kumtosha.